Vyaelea

Jina nililolitaka lilikuwa bado halina mtu.
Nililitafuta saa nne usiku, huku juu Mabatini,
cherehani imefunikwa khanga, mtoto amelala:
vyaelea, nukta, na zile herufi za mkiani.
Lipo, ikasema. Dola kumi na mbili kwa mwaka.

Nikacheka peke yangu. Dola kumi na mbili
haifiki hata bei ya boya moja la mtoto,
lile la rangi ya chungwa, lenye filimbi kifuani.
Na dola ninazo. Arobaini.
Alizilipa mgeni mmoja mwenye ndevu nyekundu
aliyekwenda Ukerewe kuhesabu konokono,
akachukua maboya matatu, akasema kwao
pesa hupita hewani.
Kweli zilipita. Zikafika.
Zikafungiwa.

Akaunti yako imewekewa mipaka.
Naziona, sizigusi:
sato ndani ya friji la kioo pale Kirumba,
jicho lake kwangu,
na mwenye ufunguo kaenda msibani.

Wakataka bili ya umeme yenye jina langu.
Bili ipi? Mimi umeme nanunua kwa tarakimu ishirini,
nazibonyeza gizani, tochi nimeing'ata kwa meno,
na mita yenyewe imeandikwa Lugembe,
marehemu Lugembe, aliyejenga chumba hiki
akafa kabla hajapiga lipu.
Wakataka mtaa na namba ya nyumba.
Nikaandika: panda ngazi za mawe, ukifika kwenye tangi jeusi
uliza kwa Nyanzobe, fundi wa maboya.
Kisanduku kikawa chekundu.
Hawapandi mawe, hawa.

Nikajaribu kadi ya kwenye simu, ile isiyoshikika,
namba kumi na sita zinazoishi ndani ya meseji.
Muamala umekataliwa.
Tena. Umekataliwa.
Makato ndiyo hayakukataliwa.
Kijana wa Makoroboi anayefufua simu zilizozama
akanieleza nchi zipi zinaruhusiwa kutuma,
zipi kupokea, zipi kutazama tu,
akachora mishale nyuma ya risiti hadi ikachanika.
Nikamwambia, Sayi mdogo wangu, haijanielea.
Mimi, ninayekula kwa vitu vya kuelea.

Ndipo nikamkumbuka Akoth.
Mteja wangu wa Kisumu, mwaka wa sita huu,
hatujawahi kuonana,
namjua kwa vipimo vya vifua vya wanawe:
huyu kaongezeka inchi mbili, yule kakonda, kulikoni?
Ziwa ni hili hili. Kwake kadi zinakubali.
Nikafunga maboya mawili kwenye kiroba cha unga,
moja kwa jina, moja kwa shukrani,
nikayapandisha basi la Sirari alfajiri.
Yeye alilipa kabla mzigo haujavuka mpaka.
Limelipwa, akaandika. Sasa lala.

Sikulala. Nilifungua ile hati.
Mwenye jina: Akoth Nyagilo, Kisumu.
Nikalisoma mara tatu, kama mtu aliyebisha hodi kwake
akaitikiwa na sauti ya jirani.
Simshuku, jamani. Mtu anayekulipia
kwa neno tu, akiwa hajaona hata uzi,
huyo ukimshuku utamwamini nani?
Lakini wahenga walisema vyaelea vimeundwa,
wakaishia hapo.
Vimeandikishwa kwa nani, hawakusema.

Leo ni mwezi wa pili.
Ukurasa una picha mbili, moja imepinda.
Mama mmoja wa Musoma kauliza bei ya maboya ya mapacha,
nimemjibu, hajarudi.
Zimebaki siku mia tatu na tatu
kabla ya kumwomba Akoth tena.
Na zile arobaini bado zipo.
Jumapili, nikishapiga pasi nguo za mtoto,
huwa nafungua kidogo, nazitazama.